PAKA WA NDANI ANAPOTAPIKA NA KUPANDWA NA HOMA
Somo kwa wafugaji wa paka majumbani na maofisini

Kurasa za taarifa za Serikali zimezoea kuzungumzia mifugo inayohesabika kwa fedha, yaani ng'ombe, mbuzi na kuku. Paka hatajwi, kwa sababu hakamuliwi wala hapelekwi mnadani. Hata hivyo ni mitaa michache ya Unguja na Pemba isiyokuwa na nyumba yenye paka wake, na ziko ofisi ambazo stoo zake za majalada zingekwishatafunwa na panya lau si yeye. Wapo pia paka wasiotoka nje kabisa: wale wanaokaa katika majumba ya ghorofa ya Michenzani, au katika nyumba za Mji Mkongwe ambazo mlango wake mkubwa haufunguliwi ovyo.

Somo hili linamhusu paka huyo wa ndani, na dalili mbili zinapomjia pamoja: kutapika na homa. Dalili hizo zimechaguliwa kwa kuwa wenye paka wa ndani huzidharau. Mtu hujiambia kwamba paka wake hatoki, hakutani na paka wa jaani, kwa hiyo hana pa kuupatia ugonjwa. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli tu. Nusu iliyobaki imewapoteza paka wengi, na mmoja wao alikuwa wa nyumbani kwa mwandishi wa makala hii. Habari yake itaelezwa mahali pake.

Kwanza ni vyema ikaeleweka dhima ya mwenye kumfungia mnyama ndani. Sote tuliosoma chuoni tumeisikia hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi huichukua hadithi hiyo kuwa ni habari ya njaa peke yake. Lakini ukiizingatia, kosa lilikuwa na sehemu mbili: kumfunga, kisha kutomwangalia. Paka wa nje akijihisi vibaya hutafuta majani, kivuli na maji anapopajua mwenyewe. Paka wa ndani hana ila macho ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipotazama hakuna mwengine atakayetazama.

KUTAPIKA NI KUPI

Si kila kinachotoka kinywani mwa paka ni matapishi. Paka anayetapika hudondokwa na mate kwanza, hulamba midomo, kisha tumbo lake huonekana likivutika mara kadhaa mithili ya mivuo ya mhunzi, ndipo kitu kitoke. Anayecheua hakazi tumbo. Chakula humrudi muda mfupi baada ya kukila, kikiwa hakijasagika, na pengine hukirudia akakila tena. Anayekohoa hujikunja chini na kunyoosha shingo, na mara nyingi hakitoki kitu. Mambo haya matatu yana sababu mbalimbali, na daktari wa mifugo atauliza ni lipi uliloliona.

Katika majumba yetu, matapishi yakionekana sakafuni jambo la kwanza ni ndoo na maji. Ni haki, kwa kuwa matapishi ni najisi na pengine chumba ndicho kinachosaliwa. Ombi letu ni kwamba kabla ya maji kumwagwa, mtu atazame kwa dakika moja. Je, ni fundo la nywele? Ni chakula cha jana ambacho hakikusagwa? Ni maji ya manjano yenye povu, yaani nyongo iliyotoka katika tumbo tupu? Mna damu mbichi, au vipande vyeusi kama machicha ya kahawa, ambavyo ni damu iliyokaa tumboni? Mna uzi, plastiki, mfupa, jani la ua la chunguni? Halafu iandikwe saa. Maelezo hayo yana manufaa kwa daktari kuliko maneno ya jumla kwamba paka "hajisikii".

Fundo la nywele linalotoka mara moja moja, kisha paka akaenda zake kula na kucheza, halina haja ya daktari; paka hujilamba mchana kutwa na nywele hizo lazima ziende mahali. Anayetapika mara mbili tatu kwa siku, akasusa chakula na kujificha chini ya kitanda, ana haja ya daktari hata kama hana homa.

HOMA HUPIMWA, HAIKISIWI

Joto la mwili wa paka ni kubwa kuliko letu. Paka mzima huwa baina ya nyuzi 38 na nyuzi 39.2 za Selisiasi. Hivyo basi mtu akimshika paka wake atamwona ana joto siku zote, na akimwona wa baridi hapo ndipo pa kuogopa. Mazoea ya kugusa pua hayafai. Pua ya paka aliyelala dirishani penye jua hukauka na kuwa ya moto ilhali yeye ni mzima, na paka aliye taabani anaweza kuwa na pua mbichi.

Kipimo cha kutegemewa ni kipima joto cha tarakimu, kinachouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya watu. Kinunuliwe kimoja, kitengwe kwa kazi hiyo na kuandikwa, kisije siku moja kikatiwa kinywani mwa mtoto. Ncha yake hupakwa mafuta ya mgando. Mtu mmoja humshika paka aliyezungushiwa taulo, na wa pili huingiza ncha hiyo taratibu katika tundu ya haja kubwa kiasi cha sentimita 2, akasubiri mpaka kilie. Kipima joto cha kioo chenye zebaki kisitumike, kwani paka akifurukuta huvunjika. Na paka akikataa kabisa asishindwe kwa nguvu. Apelekwe akapimwe na mwenye ujuzi.

Joto likipita 39.2 kidogo, pengine ni hofu ya kushikwa au jua la njiani, na apimwe tena akishatulia. Likifika 40 daktari aonwe siku hiyo hiyo. Likifika 41 pasingojwe hata saa.

Hapa pana jambo la visiwani kwetu linalofaa kutofautishwa. Katika miezi ya kaskazi, Disemba hadi Februari, chumba kilichofungwa madirisha huweza kupata joto la kumlevya paka. Huyo huhema kinywa wazi kama mbwa, hudondosha mate, huenda akatapika, na kipima joto kitapanda. Hiyo si homa, na tiba yake ni nyengine: atolewe mahali pa upepo, apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, hasa nyayo, masikio na tumbo, kisha apelekwe kwa daktari. Asitiwe barafu.

UGONJWA UNAOPANDA NGAZI KWA VIATU

Katika maradhi yanayoleta kutapika na homa pamoja, la kutangulizwa ni lile ambalo madaktari huliita panilukopenia, maana yake upungufu mkubwa wa chembe nyeupe za damu. Husababishwa na virusi vya jamii moja na vile vinavyowaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Virusi hivyo hushambulia chembe zinazozaliwa kwa wingi mwilini, nazo ziko mahali pawili hasa: katika utando wa utumbo, na katika uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kwa hiyo paka hupoteza mambo mawili kwa wakati mmoja. Utumbo hauwezi kushika chakula wala maji, na mwili unakosa askari wa kupigana na vijidudu vinavyopenya kutoka katika utumbo huo ulioharibika.

Dalili hufuatana. Baada ya virusi kuingia, kwa kawaida hupita siku 2 hadi 7. Kisha homa hupanda, mara nyingi kupita 40, paka akanyong'onyea na kuacha kula. Siku moja au mbili baadaye huanza kutapika maji ya manjano, ijapokuwa hakula kitu. Kuhara huja nyuma, na wengine hufa kabla hakujaja. Wapo wanaokaa na kichwa juu ya bakuli la maji kwa muda mrefu, wakitaka kunywa na wasiweze. Mwenye nyumba akiliona hilo asidhani kwamba mgonjwa ameanza kupata nafuu kwa vile ameyafuata maji. Vile vile joto likishuka ghafla chini ya nyuzi 38 kwa paka aliyekuwa na homa kali, hiyo si nafuu. Mara nyingi ni dalili ya kushindwa.

Sasa, ugonjwa huo humfikaje paka wa ghorofa ya tatu ambaye hajapata kukanyaga ngazi? Jibu ni kwamba virusi hivi ni vigumu mno. Huishi ndani ya nyumba, katika nyufa za sakafu na katika mazulia, kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Sabuni ya kawaida haiviui, wala spiriti. Paka mgonjwa akihara katika uchochoro, mtu akapita, virusi hupanda juu kwa soli ya kiatu chake, kwa pindo la vazi lililoburura chini, kwa kapu lililowekwa chini sokoni, au kwa mikono ya mtoto aliyembeba kitoto cha paka njiani alipokuwa akirudi skuli. Mlango uliofungwa humzuia paka asitoke, wala hauzuii kitu kisiingie.

Dawa ya kuviua virusi hivyo haipo. Daktari humsaidia paka kuishi mpaka mwili wake utengeneze kinga: humtia maji ya mshipa au chini ya ngozi, humpa sindano ya kuzuia kutapika na viuavijasumu vya kuzuia vijidudu vya utumboni visiingie katika damu. Wanaowahiwa hupona baadhi yao, na aliyepona hupata kinga ya muda mrefu. Watoto wa paka wasiochanjwa wengi hufa, na pengine hufa kwa ghafla kiasi cha mwenyewe kudhani kwamba wamelishwa sumu.

Chanjo ndiyo ngao. Kitoto cha paka huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16, kisha hupewa nyengine baada ya miezi 6 hadi mwaka. Baada ya hapo, chanjo ya ugonjwa huu hurudiwa kila miaka 3. Watu huuliza sababu ya kumchoma mnyama mmoja mara nyingi hivyo. Sababu ni kwamba kitoto hunyonya kinga kwa mama yake, na kinga hiyo, maadamu ipo, huizuia chanjo isifanye kazi. Haijulikani kwa kila kitoto itakwisha wiki gani, ndiyo maana hurudiwa mpaka wakati ambao hapana shaka imekwisha. Aliyechanjwa mara moja tu akiwa na wiki 8 asihesabiwe kuwa amekingwa. Paka mwenye mimba asichanjwe kabla ya daktari kuambiwa hali yake, kwani zipo chanjo za virusi hai ambazo hudhuru watoto tumboni.

UZI, NA MENGINEYO YALIYOMO NDANI

Katika nyumba nyingi za Zanzibar akinamama hushona kofia za viua, na uzi na sindano huwekwa juu ya mkeka mtu anaponyanyuka kwenda kusali. Paka huuchezea uzi, na ulimi wake una miiba inayoelekea ndani, kwa hiyo uzi ukishaingia kinywani hawezi kuutema hata akitaka. Huumeza wote. Mara nyingi ncha moja hunasa chini ya ulimi, nyengine ikaenda katika utumbo, na utumbo ukajikusanya juu ya uzi kama kitambaa kilichopigwa marinda. Paka huanza kutapika bila homa. Siku chache baadaye uzi huukata utumbo, uchafu humwagika tumboni, na hapo ndipo homa inapokuja.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya mshonaji, paka akitapika, afunue kinywa chake atazame chini ya ulimi. Akiona uzi asiuvute, wala ule unaoonekana ukining'inia kwa nyuma. Kuuvuta ni kuukata utumbo kwa msumeno. Apelekwe kwa daktari akapasuliwe. Mishipi ya kuvulia nayo ina hukumu hiyo hiyo.

Paka dume anayekaa ndani hupatwa na jambo jengine linalofanana na ugonjwa wa tumbo. Huenda mara kwa mara katika sanduku lake la mchanga, huchutama, hulia, na mkojo hautoki au hutoka matone. Baada ya siku moja huanza kutapika. Njia ya mkojo imeziba, sumu inarudi katika damu, na katika siku 2 au 3 atakufa asipofunguliwa njia. Mara nyingi huyo hana homa. Tumemtaja kwa sababu wenyewe hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula huku wakati ukipita.

Paka jike ambaye hakufungwa kizazi, akitapika, akanywa maji mengi kuliko kawaida, na akatokwa na uchafu wenye harufu kwa nyuma wiki chache baada ya kutaka dume, achunguzwe usaha wa kizazi, hata kama uchafu hauonekani.

Kuhusu chakula, maneno machache yatatosha. Kitunguu maji na kitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo wali uliorowa mchuzi si sadaka njema kwake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wazima wengi. Bunju asipewe hata kichwa, hata utumbo, hata akiwa amepikwa, kwani sumu yake haiondoki kwa moto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi, na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini, zisipakwe juu ya paka: atatetemeka, atatoka mate, na mtetemeko huo utapandisha joto lake mpaka mtu adhani ni homa.

KIDONGE CHA BINADAMU

Hapa ndipo pa habari iliyoahidiwa. Paka huyo aliachwa na marehemu mama yetu. Alikuwa hatoki, na baada ya mama kufariki aliendelea kulala juu ya msala wake mpaka ukakunjwa. Siku moja alfajiri alitapika maji ya manjano. Mchana akatapika tena, akawa wa moto mkononi. Hatukuwa na kipima joto cha kumpimia. Tuliona kwamba mtoto mwenye homa hupewa parasetamoli kwa kiasi cha umri wake, na paka ni mdogo kuliko mtoto, basi nusu ya kidonge itatosha. Aliyemfunua kinywa na kumtia kidonge hicho ni mimi.

Alasiri alianza kuvimba uso na nyayo. Alihema kwa shida. Ufizi wake, ambao huwa wa waridi, uligeuka rangi ya udongo. Nilimtia kapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo, kijana ambaye hakumgusa kwanza ila aliufunua mdomo akatazama.

"Mzee, mmempa nini?"

"Nusu kidonge cha homa, daktari. Cha watu wazima."

Alisema basi, akaenda kutafuta sindano. Hakuwahi. Alinieleza baadaye kwa upole kwamba ini la paka halina nyenzo ya kuivunja dawa hiyo. Inayobaki hugeuka sumu, ikaiharibu damu isiweze kubeba hewa, ndiyo sababu ya ufizi kuwa wa rangi ya udongo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka wa kilo 4, na kipande chake kinaweza kumdhuru vibaya au kumuua pia. Dawa ya kupingana na sumu hiyo ipo, lakini hufaa ikitolewa katika saa za mwanzo. Niliuliza ni ugonjwa gani uliomfanya atapike alfajiri ile. Akasema hawezi kujua tena, kwani kidonge kimetangulia. Huenda ulikuwa ugonjwa wa kupona.

Basi parasetamoli asipewe paka kwa kiasi chochote, wala ibuprofeni. Aspirini nayo hukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa, na haitolewi ila kwa hesabu ya daktari. Viuavijasumu vilivyobaki katika kabati baada ya mtu kuugua navyo vibaki kabatini. Homa yenyewe si adui wa kwanza, bali ni taarifa, na mwenye kuizima kwa kubahatisha ameizima pamoja na maelezo yake.

YA KUFANYWA KABLA YA KUFIKA KWA DAKTARI

Mgonjwa atengwe katika chumba chenye hewa, mbali na paka wengine, na awe na sanduku lake la mchanga ili choo na mkojo wake vionekane. Chakula kiondolewe kwa saa chache tu. Maji yabaki, apewe kidogo kidogo; akiyatapika nayo, hiyo ni dharura. Asimiminiwe maji wala uji kwa nguvu, kwani humwingia katika mapafu.

Ipo desturi ya kusema kwamba paka mgonjwa huachwa na njaa mpaka ajirudie mwenyewe. Desturi hiyo ina hatari. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, na zaidi yule mnene, mafuta yake hukimbilia katika ini na kulijaza, akapata ugonjwa wa pili ulio mzito kuliko wa kwanza.

Upungufu wa maji hutambulikana kwa kuvuta ngozi baina ya mabega na kuiachia. Ya paka mzima hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, au ufizi ukinata kidoleni, amekaukiwa. Anapopelekwa achukuliwe ndani ya kapu lenye kifuniko, si mikononi, na mwenyewe achukue kadi ya chanjo, saa za kutapika alizoziandika, na pakiti ya kitu chochote anachoshuku kwamba kimeliwa. Picha ya matapishi iliyopigwa kwa simu inafaa sana. Aseme kweli kuhusu dawa aliyompa, hata kama anaona haya.

KWA WATUMISHI WA SERIKALI

Ofisi zenye paka zinakumbushwa mambo mawili. La kwanza, nyuzi za kufungia majalada, mipira ya kufungia karatasi na pini visiachwe juu ya meza na sakafuni saa za kazi zinapomalizika. Yaliyosemwa juu ya uzi wa kofia yanahusu na hivyo. La pili, mwenye funguo ahakikishe siku ya Ijumaa kwamba hakuna paka aliyebaki stoo. Kutoka Ijumaa alasiri hadi Jumatatu asubuhi ni muda mrefu kwa mnyama asiyekuwa na maji, na atakayemkuta Jumatatu anatapika na wa moto hatajua kama ni maradhi, ni sumu ya panya iliyotegwa humo, au ni joto la chumba.

USALAMA WA WATU

Panilukopenia haimwambukizi binadamu. Lakini paka mwenye maumivu hung'ata hata mwenyewe. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende spitali, kwani paka naye anaweza kubeba kichaa cha mbwa na jino lake hupeleka vijidudu ndani sana. Mama mjamzito asisafishe sanduku la mchanga. Amwachie mwengine, na lisafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplazma vinavyotoka katika choo cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Hapana haja ya kumtupa paka kwa ajili ya mimba, jambo ambalo bado linafanyika.

USAFISHAJI BAADA YA UGONJWA

Uchafu unaoonekana uondolewe kwanza kwa maji na sabuni, kwani dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha itumike dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, vijiko viwili vya mezani katika lita moja ya maji. Ipakwe sakafuni, katika mabakuli na sanduku, iachwe dakika 10, ndipo isuuzwe na kukaushwa. Isichanganywe na dawa nyengine yoyote. Dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini zisitumike penye paka, kwa kuwa hujilamba nyayo zake na nyingi ya dawa hizo ni sumu kwake. Zulia na mto ambavyo haviwezi kulowekwa ni bora vichomwe.

Paka aliyekufa kwa ugonjwa huu azikwe katika shimo refu, asitupwe jaani wala pwani. Na nyumba hiyo isiletwe kitoto kipya kwa muda wa mwaka mmoja, isipokuwa awe amekwisha kumaliza chanjo zake zote kabla ya kuvuka kizingiti.